Kuprogramu dekoda za treni ndogo kwa kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu treni ndogo za mfumo wa DCC, yaani zinazoendeshwa kwa amri za kidijitali zinazopita relini. Majibu mengi yametumia DecoderPro, sehemu ya programu ya JMRI, kwa sababu ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na inaelewana na karibu mitambo yote ya DCC. Majina ya vitufe yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini.

## Mambo ya msingi

1. Dekoda ni nini, na kinachoprogramiwa ni kipi hasa?

Dekoda ni bodi ndogo ya kielektroniki inayokaa ndani ya kichwa cha treni. Relini hupita umeme na amri kwa pamoja. Dekoda huchukua umeme huo, husikiliza amri zenye anwani yake tu, kisha huendesha mota, taa na, kama ni ya sauti, spika. Mfumo huu ulitokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na chama cha NMRA cha Marekani kikaufanya kuwa kiwango rasmi katika miaka ya 1990. Ndiyo maana dekoda ya kampuni moja hutii mtambo wa kampuni nyingine.

Mipangilio ya dekoda hukaa kwenye sehemu za kumbukumbu zenye namba, ziitwazo CV. Kila CV hubeba thamani moja kati ya 0 na 255, na thamani hiyo haipotei umeme ukizimwa. Kuprogramu ni kubadilisha thamani hizo. Utakazokutana nazo kila mara ni hizi:

- CV1: anwani fupi (kiwandani huwa 3)
- CV2, CV6, CV5: nguvu ya kuanzia, spidi ya kati, spidi ya juu
- CV3 na CV4: kuongeza mwendo na kupunguza mwendo polepole
- CV7 na CV8: toleo la dekoda na namba ya mtengenezaji
- CV17 na CV18: anwani ndefu
- CV19: anwani ya msafara, vichwa viwili au zaidi vinapovuta pamoja
- CV29: mipangilio mikuu

2. Rimoti yangu inaprogramu. Kompyuta ya nini?

Kama kazi ni kubadilisha anwani tu, rimoti inatosha. Dekoda ya sauti, hata hivyo, ina mamia ya CV, na rimoti hukuonyesha moja moja bila kukwambia ilikuwa na thamani gani juzi. Kompyuta hukuwekea faili kwa kila kichwa. Ukiharibu mpangilio, unafungua faili na kuandika upya. Dekoda ikiungua, unaweka mpya ya aina ileile na kuimiminia faili la zamani. Faida kubwa ni hiyo kumbukumbu. Vitufe vizuri vya kwenye skrini ni nyongeza.

3. Ninahitaji vifaa gani?

Kompyuta yoyote ya kawaida, hata Raspberry Pi. JMRI ya mfululizo wa 5 inahitaji Java 11 au mpya zaidi. Pili, kifaa cha kuunganisha kompyuta na reli (swali la 4). Tatu, kipande cha reli kilichotengwa kabisa na reli nyingine, kirefu kuliko kichwa chako kirefu kuliko vyote. Mwisho, mita ya umeme ya kupimia volti na omu.

4. Kifaa kipi cha kuunganisha ninunue?

Inategemea kama tayari una mtambo mkuu, yaani kile kifaa kinachotuma amri relini.

Kama unao, nunua kiungo cha familia hiyohiyo: Digitrax wana PR4, NCE wana kiungo chao cha USB, na Lenz wana LI-USB. Z21 ya Roco huunganishwa kwa kebo ya mtandao, bila kifaa cha ziada. Kiungo cha USB cha NCE kikitumika na Power Cab (mtambo wa mkononi wa NCE) hakipati uwezo wote wa mtambo, kwa hiyo soma maelezo yake kabla ya kulipa.

Kama huna mtambo, au unataka meza ya kuprogramia peke yake, SPROG 3 ni chaguo zuri. Ni kiboksi kidogo cha USB kilichotengenezwa kwa kazi hii, na kinaweza pia kuendesha kichwa kukijaribu.

Njia ya gharama ndogo ni DCC-EX: Arduino Mega 2560 (bodi ndogo ya kielektroniki inayoprogramiwa) pamoja na bodi ya kuendeshea mota juu yake. Programu yake ni ya bure. Upande A wa bodi hulisha reli kuu na upande B reli ya kuprogramu. Ukitumia Arduino Motor Shield R3, kata kwanza njia ya shaba iliyoandikwa Vin Connect chini ya bodi. Usipoikata, umeme wa treni huingia kwenye Arduino yenyewe na kuiunguza. Kwa treni za kipimo cha H0 (1:87), adapta ya volti 14 za DC inafaa.

LokProgrammer ya ESU ni kifaa kizuri, ila ni cha dekoda za ESU. Usikinunue ukidhani kitahudumia kila kichwa ulichonacho.

5. Nimeagiza kifaa kutoka Marekani. Adapta yake ni salama kwa umeme wa kwetu?

Soma kibandiko cha adapta kabla ya kuchomeka. Ikiandikwa 100–240V, unachohitaji ni plagi tu. Ikiandikwa 120V, usiichomeke kwenye umeme wa volti 230 wa Tanzania au 240 wa Kenya na Uganda. Tafuta adapta ya hapa yenye volti zilezile za kutokea, aina ileile (AC au DC), na ampea zisizopungua za ile ya awali. Kwa DC hakikisha pia ncha ya katikati ni chanya au hasi kama kifaa kinavyotaka.

## Kuunganisha kompyuta

6. Naiandaaje DecoderPro mara ya kwanza?

Chomeka kifaa kwanza, ndipo ufungue DecoderPro. Nenda kwenye Preferences, kisha Connections. Chagua mtengenezaji wa mtambo, aina ya muunganisho, na poti (COM3 au namba nyingine kwenye Windows, /dev/ttyACM0 au /dev/ttyUSB0 kwenye Linux). Kasi ya mawasiliano iwe ile iliyotajwa kwenye kitabu cha kifaa. DCC-EX hutumia 115200. Hifadhi na ukubali programu ijifunge na kujifungua upya. Bila hatua hiyo ya mwisho muunganisho hauanzi kufanya kazi.

7. Poti haionekani kwenye orodha. Nifanyeje?

Badilisha kebo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kebo nyingi za simu hupitisha chaji tu bila data. Arduino za bei rahisi mara nyingi hutumia chipu ya CH340, na baadhi ya kompyuta za Windows huhitaji kusakinishiwa draiva yake. Kwenye Linux mtumiaji lazima awe kwenye kundi la dialout: andika `sudo usermod -a -G dialout $USER`, kisha toka kwenye akaunti na uingie tena. Programu moja tu ndiyo hushika poti kwa wakati mmoja, kwa hiyo funga Arduino IDE kabla ya kufungua JMRI.

## Kazi yenyewe

8. Hatua za kuprogramu kichwa kipya ni zipi?

Weka kichwa kimoja, na kimoja tu, kwenye reli ya kuprogramu. Bonyeza New Loco, kisha Read type from decoder. Programu itasoma CV8 na CV7 na kupendekeza aina ya dekoda. Namba za CV8 zinazokutwa sana ni 151 kwa ESU, 145 kwa Zimo, 141 kwa SoundTraxx, 129 kwa Digitrax, 99 kwa Lenz na 11 kwa NCE. Dekoda kadhaa za kampuni moja zinaweza kuwa na namba sawa, hivyo programu ikikupa orodha ya aina tatu au nne, chagua ile iliyoandikwa kwenye pakiti yako.

Fungua Comprehensive Programmer, mpe kichwa jina kwenye Roster Entry, na usome kurasa unazotaka kubadilisha kabla ya kuandika lolote. Hifadhi faili papo hapo, likiwa bado na mipangilio ya kiwandani. Ndipo ubadilishe anwani, uandike kwa Write changes on sheet, ujaribu, kisha uhifadhi tena.

Msirukie kitufe cha kuandika kurasa zote. Kama aina ya dekoda imechaguliwa vibaya, utamwaga mamia ya thamani zisizohusika ndani ya dekoda nzima.

9. Rangi za visanduku zina maana gani?

Nyekundu: programu haijui thamani halisi, inaonyesha ya kukisia. Njano: thamani imetoka kwenye faili, haijalinganishwa na dekoda. Rangi ya chungwa: umeibadilisha lakini hujaiandika. Nyeupe: imesomwa kutoka kwenye dekoda au imeandikwa ikakubalika. Kuandika ukurasa uliojaa nyekundu ni kuandika makisio.

10. Nataka anwani iwe namba ya kichwa chenyewe, mfano 5918. CV17 na CV18 zinapatikanaje?

DecoderPro hukupigia hesabu ukiandika 5918 kwenye kisanduku cha anwani na kuchagua anwani ndefu. Hesabu yenyewe inafaa kuijua, maana siku moja utalazimika kuifanya kwa rimoti.

Tuchukue hiyo 5918, Mount Gelai, kichwa cha mvuke cha aina ya Garratt, daraja la 59, kilichohifadhiwa kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Gawanya 5918 kwa 256: unapata 23, na inabaki 30. CV17 ni 192 jumlisha 23, yaani 215. CV18 ni kile kilichobaki, 30. Andika CV17 kwanza, CV18 baadaye.

Bado dekoda itaendelea kujibu anwani fupi mpaka CV29 iiambie vingine. CV29 ni jumla: 1 kugeuza upande wa mbele, 2 kwa hatua 28 au 128 za spidi, 4 kuruhusu umeme wa kawaida wa DC, 8 kwa RailCom (njia ya dekoda kurudisha majibu kwa mtambo), 16 kwa jedwali la spidi, na 32 kwa anwani ndefu. Dekoda nyingi hutoka na 6, yaani 2 na 4. Ongeza 32, unapata 38.

11. Kuna tofauti gani kati ya reli ya kuprogramu na kuprogramu kwenye reli kuu?

Kwenye reli ya kuprogramu amri haina anwani: kila dekoda iliyopo juu ya reli hiyo inatii. Ukiacha vichwa vitatu, vyote vitatu vinapata anwani moja. Umeme wake ni mdogo kwa makusudi, na hapo ndipo mahali salama pa kujaribu dekoda uliyotoka kuifunga, kwa sababu shoti ya nyaya haina nguvu ya kuiunguza papo hapo.

Kwenye reli kuu amri huenda kwa anwani moja tu na unaona mabadiliko kichwa kikiwa kinatembea, jambo linalosaidia sana kwa spidi na sauti. Huwezi kusoma huko bila RailCom kwenye dekoda na mtambo, na dekoda nyingi hukataa kubadilishwa anwani inayotumika wakati huo.

12. Mbona kusoma kunachukua muda mrefu hivi?

Dekoda haisemi thamani yake. Inajibu ndiyo au inakaa kimya. Kwa njia ya Paged mtambo huuliza: ni 0? ni 1? ni 2? mpaka apatikane anayeitika. Thamani ya 200 inadai maswali 201. Kwa njia ya Direct huuliza biti nane moja baada ya nyingine, kisha huhakikisha jumla. Chagua Direct kama dekoda inaikubali. Dekoda ya sauti yenye mamia ya CV inaweza kuchukua hata saa nzima kusomwa yote, kwa hiyo soma ukurasa unaouhitaji tu.

13. Nafanyaje vichwa viwili vitembee kwa spidi sawa?

Viendeshe dakika chache vipate joto. Weka CV3 na CV4 kuwa 0 kwa vyote viwili, maana ucheleweshaji hupotosha vipimo. Kile cha polepole kiwe kipimo. Cha kasi ndicho kipunguzwe. Kwenye reli kuu, linganisha kwanza mwendo wa chini kabisa kwa CV2, halafu wa juu kwa CV5, mwishoni wa kati kwa CV6. Ikiwa bado vinavutana katikati, tumia jedwali la nukta 28 (CV67 hadi 94) na uongeze 16 kwenye CV29. Baadaye rudisha CV3 na CV4.

## Mambo yakigoma

14. Napata ujumbe wa 301, 306 au 308. Tatizo ni nini?

306 inahusu kompyuta na mtambo kutosikilizana: kebo, poti au kasi ya mawasiliano. Rudi maswali ya 6 na 7. Ujumbe wa 301 unasema hakuna kichwa kilichoonekana relini. 308 unasema dekoda haikuitikia. Hizi mbili karibu kila mara ni shida ya umeme, wala kusakinisha programu upya hakusaidii.

Dekoda huitika kwa kuvuta umeme kidogo zaidi kwa muda mfupi mno: angalau miliampea 60 kwa takriban milisekunde 6. Kwa kawaida huifanyia kazi hiyo mota, ndiyo maana kichwa hushtuka kidogo kikisomwa. Chochote kinachozuia au kuficha mshtuko huo huleta 308. Kagua kwa mpangilio huu:

Safisha reli na magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, kisha kandamiza kichwa kidogo kwa kidole unaposoma. Kikisomeka hivyo, tatizo ni uchafu au vibati vya kuchukulia umeme.

Hakikisha nyaya zimetoka kwenye sehemu ya kuprogramu ya mtambo, na hakuna behewa lenye taa juu ya reli hiyo.

Jaribu kichwa kingine ambacho unajua kinasomeka. Kikisomeka, mtambo ni mzima.

Pima mota. Waya wa chungwa na wa kijivu lazima ziwe zimefika kwenye mota, na kusiwe na njia kati ya mota na reli. Mita ionyeshe hakuna mguso. Dekoda isiyo na mota haina cha kuitikia. Mota za kisasa zinazokula umeme kidogo sana nazo huweza kuitika kwa sauti ndogo mno isisikike. Kwenye DCC-EX unaweza kushusha kiwango kwa amri `<D ACK LIMIT 30>`, na `<R>` husoma anwani moja kwa moja bila JMRI.

Ondoa kapasita. Kapasita kubwa za kusaidia kichwa kisizime kwenye reli chafu hunywa umeme wote mdogo wa reli ya kuprogramu na kuficha mwitiko. Wakati wa kufunga, weka soketi ndogo au swichi ya kuitenga. Baadhi ya dekoda za sauti zinahitaji nguvu zaidi hata bila kapasita; kwa hizo kuna vikuza-umeme maalumu kama PTB-100 ya SoundTraxx.

Badilisha Direct kuwa Paged kwa dekoda za zamani.

Kusoma kukigoma, kuandika kunaweza kuwa kumefaulu bila kuonekana. Andika 3 kwenye CV1, weka 6 kwenye CV29, peleka kichwa reli kuu na ukiite kwa anwani 3.

15. Kinasomeka vizuri lakini hakitembei relini.

Soma CV19. Ikiwa si 0, kichwa kinadhani bado kimo kwenye msafara na hakisikii anwani yake, andika 0. Kama CV19 ni safi, angalia kama CV29 inaruhusu aina ya anwani unayoita (swali la 10).

16. Taa zinawaka na kuzima ninapobadilisha spidi.

Mtambo na dekoda hawakubaliani juu ya hatua za spidi: upande mmoja uko kwenye 14, mwingine kwenye 28 au 128. Hakikisha ile 2 ya CV29 imehesabiwa.

17. Kichwa kinachomoka kwa kasi ninapowasha umeme.

Dekoda imedhani ipo kwenye reli ya DC. Ondoa 4 kwenye CV29: 6 inakuwa 2, na 38 inakuwa 34.

18. Narudishaje mipangilio ya kiwandani?

Kwa ESU, Zimo, Lenz, SoundTraxx na Digitrax nyingi, andika 8 kwenye CV8. NCE hutumia CV30 ikiandikwa 2. Zima umeme, subiri sekunde kadhaa, uwashe tena. Anwani itakuwa 3. Kwanza hifadhi faili la mipangilio iliyopo.

19. Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Ukiwa unaandika CV, hasara ni CV moja au chache. Soma ukurasa upya na ulinganishe na faili. Ukiwa unapakia sauti (swali la 22), upakiaji hubaki nusu na itabidi uanze upya. Betri ya laptop hailindi mtambo, kwa hiyo kwa kazi ya sauti weka mtambo wenyewe kwenye UPS.

## Mambo yasiyo ya kila siku

20. Kichwa changu kina dekoda mbili, ya mota na ya sauti.

Zote huitika pamoja na majibu huvurugika. Kabla ya kuzifunga ndani, andika CV16 kuwa 1 kwenye ya mota na 2 kwenye ya sauti, kama zote zinakubali kufuli hilo. Baada ya hapo, ukiandika 1 kwenye CV15 utaisikia ya mota tu. Ukiandika 2, ya sauti.

21. Kitabu cha dekoda kinataja CV31 na CV32. Ni za nini?

Huchagua ukurasa wa CV za 257 hadi 512. CV257 ya ukurasa mmoja si CV257 ya ukurasa mwingine. DecoderPro hushughulikia yenyewe. Kwa mkono, andika CV31 na CV32 kwanza kila mara.

22. Naweza kupakia sauti mpya kwa DecoderPro?

Kwa dekoda nyingi, hapana. LokSound (dekoda za sauti za ESU) huhitaji LokProgrammer, Zimo wana kifaa chao, na kwa Digitrax JMRI inaweza kupakia kupitia PR3 au PR4. Tsunami za SoundTraxx huja na sauti zake. Unachagua kati ya honi na kengele zilizomo na kupanga ukubwa wa sauti.

23. Dekoda yangu haimo kwenye orodha.

Sasisha JMRI kwanza, maana orodha huongezwa mara kwa mara. Ikiwa bado haimo, chagua ya NMRA ya jumla. Utapata anwani, spidi na CV29. Zilizobaki utaziandika namba kwa namba kwa kufuata kitabu chake.

24. Mafaili ya vichwa yako wapi?

Fungua Help, kisha Locations. Kwenye Windows ni folda ya JMRI ndani ya folda yako ya mtumiaji. Linux ni `.jmri`. Nakili folda nzima ya roster pamoja na roster.xml kwenye flashi.

25. Nimenunua kichwa kilichotumika na sijui anwani yake.

Usianze kwa kukirudisha kiwandani. Kiweke kwenye reli ya kuprogramu, soma CV8, CV29, CV1, CV17, CV18 na CV19, kisha uhifadhi faili. Mwenye awali huenda alishasawazisha spidi na taa kwa kazi ya siku nyingi, na mara nyingi tatizo pekee ni CV19 iliyosahaulika. Kikisomeka lakini kila unachoandika hakishiki, kuna uwezekano amefunga kufuli la swali la 20: andika kwenye CV15 thamani iliyomo ndani ya CV16, ukianza na 1, 2 na 3.